Mkongwe wa besiboli anayekalia benchi: bado ana faida, au anamzibia dogo nafasi?

Benchi la Kushoto (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Najua hapa jukwaani wengi wenu ni watu wa soka, lakini sisi wachache tunaokesha na MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, tuna ugomvi usioisha. Kila mwezi wa pili, timu zikiingia kambini kule Florida na Arizona, lazima kuna mzee wa miaka 38 au 40, jina kubwa, magoti yamemchoka, aliyesaini mkataba wa mwaka mmoja. Mashabiki wanagawanyika hapohapo. Wa huku: mwacheni mzee, atawatuliza vijana. Wa kule: huyo kaisha, kuna dogo Triple-A, ligi ya chini yake tu, anapasua mipira kila siku na mnamzibia njia.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinamwangalia mtu na kusahau kiti.

Tuhesabu viti. Kikosi cha mechi ni watu 26. Sheria inaruhusu warushaji 13 tu, yaani wale wanaomrushia mpigaji mpira, na makocha karibu wote wanajaza hao 13, maana mikono inachoka. Wanabaki 13 wa kupiga. Tisa wanaanza, wanne wanakaa. Kati ya hao wanne, mmoja lazima awe mdakaji wa akiba, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa usoni. Hiyo ni kazi ya fundi, wa kwanza akiumia huwezi kumpachika mtu yeyote tu. Wa pili lazima aweze kulinda kati ya besi ya pili na ya tatu. Wa tatu lazima awe na mbio na aweze kusimama katikati ya uwanja wa nje. Kinabaki kiti kimoja. Hicho ndicho wanachogombea wazee wote wa ligi nzima wanaojua kupiga tu.

Zamani haikuwa hivi. National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, mrushaji alikuwa anapiga mwenyewe mpaka 2021, ukiondoa ule msimu mfupi wa korona wa 2020. Na warushaji kwa kupiga ni majanga. Kwa hiyo ikifika iningi, yaani raundi, ya sita au ya saba kati ya tisa, kocha anamtoa mrushaji aliyechoka na kumwingiza mpigaji wa akiba. Karibu kila siku kuna ajira. Hapo ndipo mtu kama Lenny Harris alipopata rekodi yake: hiti 212, yaani mipigo iliyomfikisha kwenye besi salama, akitokea benchi, katika maisha yake yote ya mpira. Tangu 2022 ligi zote mbili zina DH, yaani mpigaji maalumu anayempigia mrushaji, na ile ajira ya kila siku imekufa.

Msimamo wangu ni huu: mzee bado ana faida, ila siku hizi inabidi awe na kitu cha pili mkononi zaidi ya jina. Karibuni tubishane.

Chumvi Nyingi

Mkuu mimi ni wa soka kabisa, besiboli naijua kwa kupitia tu. Ila uliposema mzee wa benchi nikamkumbuka Roger Milla. Italia 1990, miaka 38, anatokea benchi anawapiga Romania mbili, anawapiga Colombia mbili, Cameroon hao robo fainali. Tena 1994 akawafunga Urusi akiwa na miaka 42. Kwa hiyo jibu si liko wazi? Mzee akijua kazi anaingia anamaliza.

Benchi la Kushoto

Mkuu Chumvi, mfano mzuri sana na ndio unaonisaidia kueleza ugumu wenyewe. Milla akiingia alikuwa na nusu saa au zaidi. Anapoteza mpira wa kwanza, anapoteza wa pili, wa tatu anafunga, na dunia nzima inacheza naye pale kwenye kibendera cha kona. Mpigaji wa akiba hana wa pili. Anaingia mara moja, anarushiwa labda mipira minne au mitano, dakika mbili tatu hivi, imekwisha. Akikosa anarudi kukaa na mara nyingi mechi hiyo hachezi tena.

Halafu angalia anaingia wakati gani. Mwishoni, mrushaji wa upande wa pili ni mpya, mkono wa moto, anarusha maili 97 au 98 kwa saa. Mpira wa kasi hiyo unafika ndani ya sekunde 0.4 hivi. Wenzake walioanza wameshapiga mara tatu, wameuona uwanja, mwanga, na mwamuzi wa leo anavyokata. Yeye alikuwa amekaa.

Ndiyo maana wakongwe wa kazi hii wana utaratibu wao usioonekana kwenye runinga. Iningi ya tano tu mtu haumwoni tena benchini. Kashuka chini ya majukwaa, kwenye kile chumba cha nyavu, anapanda baiskeli ya mazoezi kupasha nyonga, anapiga mipira ya mashine. Siku hizi kuna mashine inayoiga mrushaji halisi, mkono unatokea kwenye skrini na mpira unakuja kwa mzunguko uleule, na tangu 2024 inaruhusiwa kutumika hata mechi ikiwa inaendelea. Huku jicho moja liko kwenye runinga ndogo, anahesabu: mrushaji wao wa kushoto kaanza kupasha, wapigaji wetu wa saba, wa nane na wa tisa wanakuja, kocha ataniita iningi ijayo. Wakati mwingine anajiandaa hivyo saa nzima na haitwi. Kesho yake tena.

Dogo wa miaka 23 ukimpa maisha hayo anachanganyikiwa. Hilo ndilo la kwanza ninalowapa wazee.

Jongoo wa Bonde

Nakazia kwa mzee mleta uzi. Na kwa wale wanaosoma wastani wa hiti tu nawaletea Jason Giambi, Cleveland, 2013. Miaka 42. Wastani wake msimu ule ulikuwa .183, ambao kwa mpigaji asiyelinda besi yoyote ni aibu tupu. Sasa tarehe 24 Septemba, Cleveland wako nyuma 4-3 dhidi ya White Sox, iningi ya tisa, wameshatolewa wawili, mmoja akitolewa tena mechi imekwisha. Anaitwa mzee kutoka benchi. Mrushaji Addison Reed. Mpira ukaenda zake kule mbali ukavuka ukuta, homurani, 5-4, watu wakamiminika uwanjani kama wamechukua kombe.

Cleveland walimaliza na ushindi 92. Tampa Bay na Texas walimaliza na 91 kila mmoja, ikabidi wacheze mechi ya ziada kutafuta nani anaingia mtoano. Toa ile homurani ya mzee, Cleveland nao wanakuwa 91 na wanaingia kwenye vurugu ileile. Niambieni hiyo thamani mnaiandika wapi kwenye mafaili yenu.

Mwanatakwimu

Jongoo hapo umetupiga na hadithi tamu lakini hesabu yake haijakamilika. Umetuonesha siku moja aliyopiga. Hizo siku nyingine alizotolewa umeziweka wapi? Wastani wa .183 maana yake katika kila majaribio kumi hafikishi hiti mbili. Kila aliposhindwa kulikuwa na mechi, pengine mojawapo Cleveland walipoteza kwa mkimbio (pointi) mmoja na dogo fulani angepiga. Hiyo hakuna anayeikumbuka kwa sababu hakuna aliyeruka ruka.

Watu wa takwimu wameshalichunguza hili kwa miaka mingi: mpigaji yuleyule, akitokea benchi, hupiga vibaya kuliko akianza. Si wazee peke yao, ni wote. Benchi lenyewe lina makato. Kwa hiyo ukichukua mzee ambaye tayari ameshuka ukampeleka kwenye kazi yenye makato, unapata .183. Hakuna cha ajabu hapo.

Ninachokubaliana na mleta uzi ni hilo la kiti. Ila mimi nakwenda mbali zaidi: kiti cha nne kwa timu nyingi leo hakipaswi kuwa cha mzee kabisa. Mpe mkimbiaji. Tangu 2020 iningi za nyongeza kwenye msimu wa kawaida zinaanza na mtu tayari kwenye besi ya pili. Mtu mwenye miguu hapo ana faida kuliko mzee mwenye gongo.

Kipara wa Kariakoo

Tuseme ukweli jamani. Timu zinauza jezi. Mzee akirudi klabu yake ya ujanani, mashabiki wanajaza uwanja, anapigiwa makofi, anapunga kofia, pesa inaingia. Hiyo ya "kuwatuliza vijana" ni maneno ya kupamba. Yaani unamlipa mtu mamilioni ya dola awe anasimulia stori chumba cha kubadilishia nguo?

Nyota ya Likoni

Ndugu zangu, mimi naishi Toronto, na mkitaja mzee wa benchi naomba mniruhusu nitokwe na machozi kwanza.

Tarehe 1 Novemba 2025, mechi ya saba ya fainali, Blue Jays na Dodgers, hapa hapa kwetu Rogers Centre. Tunaongoza 4-3, iningi ya tisa. Hatujachukua kombe tangu 1993. Tunahitaji kuwatoa wawili tu. Anayekuja kupiga ni wa mwisho kwenye mpangilio wao, Miguel Rojas, miaka 36, mtu ambaye fainali ile alikuwa benchi mpaka mechi ya sita. Nyuma yake anakuja Ohtani, nyota wao mkubwa, kwa hiyo sote akili iko kwa Ohtani. Nilimwambia mume wangu huyu si kitu. Hesabu ikafika mipira mitatu mibaya, miwili mizuri. Mrushaji wetu Jeff Hoffman akarusha slaida, mpira wa kukata kona, ikakaa pale katikati. Wallahi nilisikia mlio kabla sijaona. Uwanja mzima kimya. 4-4.

Haikuishia hapo. Zamu yetu ya kupiga, besi zote zimejaa, ametolewa mmoja. Daulton Varsho anapiga mpira wa chini kwenda kwa nani? Kwa Rojas huyohuyo, anayelinda besi ya pili. Akaudaka huku anayumba, karibu aanguke kinyumenyume, akautupa nyumbani, yaani besi ya mwisho. Isiah Kiner-Falefa anateleza, mdakaji Will Smith mguu umenyanyuka kwenye besi ukarudi. Waamuzi wakaangalia marudio. Katolewa, kwa upana wa kidole. Iningi ya 11 Smith akatumaliza kwa homurani, 5-4.

Kwa hiyo kaka Kipara, usiniambie habari za jezi. Jezi yenyewe Rojas aliitoa! Namba 11 aliyokuwa akivaa alimwachia kijana wa Kijapani, Roki Sasaki, yeye akachukua 72.

Benchi la Kushoto

Pole sana dada Nyota. Lakini umeleta mfano ambao unamjibu Mwanatakwimu na Kipara kwa pamoja, ngoja niufungue.

Iningi ile ya tisa watu wa benchi walikuwa watatu mle ndani. Rojas ni mmoja. Kiner-Falefa aliyetolewa nyumbani alikuwa ameingizwa kumkimbilia Bo Bichette mwenye goti bovu. Na dakika chache baadaye, mpira wa Ernie Clement uliokwenda ukutani, aliyeudaka akimgonga mwenzake Kiké Hernández ni Andy Pages, ambaye alikuwa ndio kwanza ameingizwa iningi hiyohiyo kwa ajili ya ulinzi. Kombe zima likaamuliwa na viti ambavyo watu wanavidharau mwezi wa nne.

Lakini angalia Rojas alibaki kikosini kwa sababu gani. Si homurani. Hakuna aliyemtegemea kwa homurani, na dada anasema kweli kwamba hata yeye hakumwogopa. Alibaki kwa sababu anaweza kulinda popote ndani ya uwanja wa ndani, na kwa sababu Dodgers walipoamua kumhamisha Mookie Betts, nyota wa uwanja wa nje, aje kulinda kati ya besi ya pili na ya tatu, Rojas ndiye alikuwa anafanya naye kazi kila siku: miguu inakaaje, mpira unaachiwaje. Yaani alimfundisha mtu aliyemchukulia nafasi. Kipara, hizo si stori za chumbani. Hiyo ni kazi, na matokeo yake unayaona Betts akidaka.

Huyo ndiye mzee ninayemzungumzia ninaposema kitu cha pili mkononi. Anakaa kile kiti cha pili katika hesabu yangu, cha mlinzi. Hagombei cha nne.

Kipara wa Kariakoo

Sawa, Rojas namkubali. Lakini huyo analinda. Mimi nasema wale wanene wa kupiga tu, wanaosimama besi ya kwanza wanahema. Dogo anakaa Triple-A anaoza kwa sababu ya mzee.

Benchi la Kushoto

Kuoza, Kipara, kunatokea benchini. Triple-A anapiga mara nne kila siku, anakosea, anajifunza. Ukimpandisha akae kiti cha nne, apige mara tano kwa wiki tena usiku dhidi ya wa maili 98, ndipo unapomwua. Timu zenye akili zinajua hilo, ndiyo maana kiti hicho humpa mtu ambaye hakuna cha kukuza tena.

Na kuhusu mamilioni, wengi wao hawalipwi hivyo. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2026 ni dola 780,000. Najua kwetu hiyo ni nyumba na shamba na mashine ya kusaga, lakini kwenye bajeti ya timu ya MLB ni hela ya maji. Tena kuna hila: mzee akiachwa na timu yenye mkataba wake mkubwa, ile timu inaendelea kumlipa, na timu mpya inatoa kima cha chini tu.

Albert Pujols ndiye mfano wa darasani. Angels walimpa miaka 10 na dola milioni 240. Mei 2021, mwaka wa mwisho wa mkataba, wakamwacha. Dodgers wakamwokota kwa kima cha chini, Angels wanabaki na bili. Vijana wa Dodgers wakamwita Tío Albert, mjomba Albert. Mechi 85, homurani 12. Alikuwa anapangwa zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, kwa sababu yeye ni wa kulia na mpira wa wa kushoto anauona vizuri. Dhidi ya wa kulia, mara nyingi alikaa.

2022 akarudi St. Louis alikoanzia, dola milioni 2.5. Kipara hapo ungesema jezi, na mpaka mapumziko ya katikati ya msimu ungekuwa na hoja: wastani .215, homurani 6. Kisha nusu ya pili akapiga 18. Jumla 24 ndani ya mechi 109, miaka 42, akafikisha homurani 700 za maisha yake usiku wa tarehe 23 Septemba kule Los Angeles alipopiga mbili, akastaafu na 703.

Na hapa kuna kitu kinachonifurahisha: sheria ya DH iliyoua ajira ya wapigaji wa akiba ndiyo hiyohiyo iliyompa Pujols kiti St. Louis. Isingekuwepo, asingekuwa na pa kusimama. Magoti yale kulinda besi ya kwanza kila siku, hapana.

Mwanatakwimu

Pujols ni Pujols. Huwezi kujenga sera juu ya mmoja kati ya wapigaji wakubwa wa historia. Kwa kila Pujols kuna wazee ishirini waliopewa nafasi hiyohiyo, wakaachwa mwezi wa sita bila hata sherehe.

Ila nakuongezea hoja upande wako kwa sababu ni ya kweli. Zamani ukimwingiza mpigaji wa kushoto, kocha wa pili anamtoa mrushaji wake na kuleta fundi wa kushoto wa kumkaba mtu mmoja tu, kisha naye anatolewa. Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabiliane na wapigaji watatu, au amalize nusu ya iningi. Kwa hiyo ukimvizia mrushaji mpya kwa mpigaji anayemfaa, mwenzako kafungwa mikono. Fursa zimepungua lakini kila fursa ni nzuri kuliko zamani. Hilo wengi hawalisemi.

Jongoo wa Bonde

Sasa umeongea! Na ndiyo maana mimi naota Matt Stairs angecheza leo. Mkanada mnene, amezunguka klabu zaidi ya kumi, homurani 23 akitokea benchi, rekodi ya ligi mpaka leo. 2008 ana miaka 40, Phillies ugenini kwa Dodgers, mechi ya nne ya nusu fainali, iningi ya nane. Shane Victorino ndio kwanza amesawazisha. Anaitwa Stairs, anarushiwa na Jonathan Broxton, jitu linalorusha moto. Stairs hakuwa na mambo mengi, alibembea kwa nguvu zote kila mara, hiyo ndiyo ilikuwa sera yake. Mpira ukapotelea huko juu kwenye viti vya kulia. 7-5, na Phillies wakachukua kombe.

Benchi la Kushoto

Stairs nampenda mno, lakini Jongoo, leo angemkuta nani? Phillies wale walikuwa National League, mrushaji anapiga, benchi lina nafasi ya mtu mwenye kazi moja. Leo Stairs wa miaka 40 asiyelinda chochote angebaki nyumbani anasubiri simu mpaka Agosti. Linaniuma, lakini ndivyo ilivyo.

Chumvi Nyingi

Mnanifundisha kitu aisee. Swali la mgeni: mnajuaje kwamba mzee kaisha kweli, na si kwamba yuko kwenye ukame tu? Kule kwenye soka tunaona mtu anapitwa na beki, basi.

Mwanatakwimu

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Usiangalie wastani, maana kwa mtu anayepiga mara tano kwa wiki wastani unachukua miezi kusema ukweli. Angalia kasi ya gongo. Tangu 2024 MLB wanaiweka hadharani kwa kila mchezaji. Wastani wa ligi ni kama maili 71 au 72 kwa saa. Mzee aliyekuwa 73 akishuka 69, hata kama mwezi huu amebahatisha hiti nane, anza kumwandalia keki.

Dalili ya pili ni mpira wa kasi wa juu, usawa wa kifua. Kijana anaukuta. Mzee anauchelewa kwa unywele, mpira unakwenda nyuma yake au anaukosa kabisa. Warushaji wanapelekeana habari haraka. Wakishajua, hawakurushii kitu kingine. Mzee naye, ili auwahi, anaanza kubembea mapema, na hapo ndipo wanampa slaida inayozama chini na anapiga hewa. Ukiona hayo mawili yanafuatana, kaisha.

Nyota ya Likoni

Ichiro Suzuki, yule Mjapani, je? Maana huyo alizeeka kwa adabu.

Benchi la Kushoto

Dada Nyota, Ichiro aliishi pande zote mbili za hoja hii. Miami walimchukua 2015 awe mlinzi wa nne wa uwanja wa nje nyuma ya Yelich, Ozuna na Stanton. 2016, miaka 42, akapiga .291 na kufikisha hiti 3,000 kule Colorado tarehe 7 Agosti. 2017 akapiga hiti 27 akitokea benchi. Rekodi ya msimu mmoja ni 28, ya John Vander Wal tangu 1995. Alikosa moja tu, akiwa na miaka 43. Kwa nini aliweza? Ile ile: mazoezi ya kunyoosha mwili kila siku kwa saa ileile, acheze asicheze, na bado alikuwa anakimbia, bado ana mkono wa kurusha kutoka uwanja wa kulia. Alikuwa anajaza viti viwili kwa mtu mmoja.

Mwaka uliofuata Seattle, mechi 15, wastani .205, na tarehe 3 Mei wakamhamishia ofisini. Si kwamba aliacha mazoezi. Mwili ulikataa, na klabu ilikuwa na vijana wa kulinda uwanja wa nje. Kiti kikawa hakimfai tena.

Kipara wa Kariakoo

Haya mleta uzi, acha kuzunguka. Wewe ndiye kocha. Kiti cha nne, timu inawania kombe. Unamweka nani?

Benchi la Kushoto

Mpigaji wa kulia, miaka 36 mpaka 39, anayewaweza wa kushoto, anayeweza kusimama besi ya kwanza bila kutuaibisha, na kwenye dharura uwanja wa kushoto. Namwanzisha kama DH siku mrushaji wao ni wa kushoto, mara mbili kwa wiki, ili gongo lisishike kutu. Siku nyingine anangoja iningi ya saba. Mkataba wa mwaka mmoja, na tunakubaliana kabisa mwezi wa tatu kwamba Julai mwishoni, kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, tunakaa tunaangalia kasi ya gongo pamoja na yeye mwenyewe.

Mwanatakwimu

Na kasi ikiwa imeshuka Julai?

Benchi la Kushoto

Namleta mkimbiaji wako.

Jongoo wa Bonde

Halafu Septemba, iningi ya tisa, wametolewa wawili, mko nyuma kwa mkimbio mmoja, unageuka benchini unamkuta mkimbiaji. Utanikumbuka mimi na Giambi wangu.

Mwanatakwimu

Septemba kikosi kinakuwa watu 28 Jongoo. Mpandishe mzee wako wakati huo.